Kompyuta isiyo na feni: mnunuzi atazame wati kabla ya jina

MFANYABIASHARA anayetafuta kompyuta mpakato isiyopiga kelele atakuta mezani kwa muuzaji mashine kadhaa zenye sifa hiyo, mpya na zilizotumika, za bei ya chini na za bei ya juu. Zote hazina feni na zote ziko kimya. Lakini kati yake zipo zitakazomtumikia dukani kwa miaka mingi, na zipo zitakazomfungia mtaji katika chombo kinachosuasua hata kufungua daftari la hesabu.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho, wala haiandikwi kwenye kibandiko kinachong'aa pembeni mwa kibodi. Inategemea zaidi namba moja ambayo wauzaji wengi hawaitaji mpaka waulizwe, nayo ni wati za prosesa.

Suala hili lina uzito kwa mwenye mtaji mdogo. Kwa wengi, kompyuta ndicho chombo cha bei kubwa kuliko vyote vilivyopo dukani baada ya friji na mzani, na fedha zake hutoka kwenye fungu lile lile linalonunua bidhaa. Akikosea, hasara yake inaonekana kwenye rafu.

FENI INA KAZI GANI

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto. Prosesa ya wati 6 hutoa joto la wati 6, na ya wati 45 hutoa joto la wati 45. Joto hilo lisipopata njia, prosesa hupanda moto hadi kikomo chake, ambacho kwa nyingi za Intel ni kiasi cha nyuzi 100 za Selsiasi, kisha hujipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike.

Feni husukuma hewa kupitia mapezi membamba ya chuma yaliyoungwa na prosesa, na hewa hiyo hutoka nje na joto. Kwenye kompyuta isiyo na feni, joto hupita kwenye bamba la chuma hadi kwenye bodi ya nje ya mashine, kisha hupotelea hewani polepole. Kiasi cha joto kinachoweza kuondoka kwa njia hiyo ni kidogo.

Kwa sababu hiyo mtengenezaji ana njia mbili tu. Ama aweke prosesa inayotumia umeme kidogo tangu mwanzo, ama aweke yenye nguvu na kuiacha ipunguze kasi kila inapopata moto. Kwa lugha ya biashara, mnunuzi analipia ukimya kwa kuacha sehemu ya kasi. Kinachobaki ni kujua kama kasi anayoiacha alikuwa anaihitaji.

JINA MOJA, WATI TOFAUTI

Soko la kompyuta za aina hii lilichangamka mwaka 2014 pale Intel ilipotoa prosesa za Core M zilizopangiwa wati 4.5. Aprili 2015 Apple iliingiza sokoni MacBook ya inchi 12 iliyotumia prosesa hizo, nyembamba na isiyo na feni, kwa bei ya kuanzia dola 1,299 za Marekani.

Mwaka 2016 Intel ilibadili majina. Prosesa za kundi hilo zilizokuwa zikiitwa m5 na m7 zikaanza kuitwa Core i5 na Core i7, majina yale yale yaliyokuwa yakitumika kwa prosesa kubwa zaidi. Matokeo yake, i5-7Y54 ni ya wati 4.5 na i5-7200U ni ya wati 15, lakini muuzaji anaweza kuzinadi zote mbili kuwa ni "Core i5 kizazi cha saba" na asiwe amesema uongo. Kinachozitofautisha ni herufi moja, Y kwa ile ndogo na U kwa ile kubwa.

Mtego wa aina hiyo upo hata kwenye mashine za bei nafuu za karibuni. Prosesa za Intel N100 na N95 zilitoka pamoja mwanzoni mwa mwaka 2023 na zinafanana kwa mambo mengi. Hata hivyo, N100 imepangiwa wati 6 na N95 wati 15. Ndani ya bodi isiyo na feni, N100 ina nafasi nzuri zaidi ya kupumua.

Kwa upande wa juu, i5-1235U, iliyo kwenye kompyuta nyingi za ofisi, imepangiwa wati 15 za kawaida lakini inaruhusiwa kupanda hadi wati 55 kwa muda mfupi. Prosesa ya namna hiyo imetengenezwa kwa kutegemea feni. Ikifungiwa kwenye mashine isiyo na feni, itaanza kwa mbio na kuishia kwa kutambaa.

Mfano wa wazi ni Surface Pro ya Microsoft ya mwaka 2017. Zenye prosesa ya i5 ya wati 15 ziliuzwa bila feni, na zenye i7 ziliwekewa feni. Ile ya i5 ilifanya vizuri kazi za dakika chache, lakini kazi nzito ikirefuka joto liliirudisha nyuma.

Novemba 2020 hali ilibadilika. Apple ilitoa MacBook Air yenye prosesa yake yenyewe, M1, bila feni, kwa bei ya kuanzia dola 999. Wakati huo huo ilitoa MacBook Pro ya inchi 13 yenye prosesa hiyo hiyo ya M1, ila hii ilikuwa na feni. Kwa kazi za kawaida mashine hizo mbili zilikwenda sambamba. Tofauti ilijitokeza pale kazi nzito ilipoendelea kwa dakika nyingi mfululizo: Air ilipunguza kasi kiasi, Pro iliendelea. MacBook Air zilizofuata za M2 mwaka 2022, M3 mwaka 2024 na M4 mwaka 2025 nazo zilitoka bila feni.

VUMBI NA JOTO LA DUKANI

Katika mitaa ya Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ni vigumu mtu kuisikia feni ya kompyuta kwa kelele za magari, redio na wapiga debe. Ukimya peke yake hauna bei kubwa kwa mwenye duka la namna hiyo. Faida anayoipata kwenye mashine isiyo na feni iko kwingine.

Feni huvuta hewa, na hewa ya dukani ina vumbi. Vumbi la saruji, unga, nyuzi za vitambaa na la barabarani huingia na kukwama kwenye mapezi. Kadiri mapezi yanavyoziba, feni huzunguka kwa kasi zaidi, kelele huongezeka na joto hupanda. Mwisho wake kompyuta iliyokuwa na kasi hugeuka nzito, na mwenyewe hudhani ina virusi. Mashine isiyo na feni haina mlango huo, na kifaa cha kuzunguka kinachoweza kukwama hakimo.

Hata hivyo, kukosa feni si kinga kamili ya vumbi. MacBook ya inchi 12 ilikuwa na kibodi nyembamba ambayo vitufe vyake viliweza kukwama au kujirudia. Mwaka 2018 Apple ilianzisha mpango wa kukarabati kibodi za aina hiyo bila malipo, uliodumu miaka minne tangu siku kompyuta iliponunuliwa mara ya kwanza. Muda huo umekwisha kwa mashine hizo zote, na anayeinunua leo ikiwa imetumika atagharimia ukarabati mwenyewe.

Joto nalo lina hesabu yake. Apple inaelekeza kompyuta zake mpakato zitumike mahali penye joto la kati ya nyuzi 10 na 35. Dar es Salaam, kati ya Januari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 nje kivulini. Ndani ya kibanda cha bati kisicho na dari, joto huzidi hapo. Mashine inayotegemea bodi yake kupoa itapunguza kasi mapema katika kibanda hicho kuliko ofisini penye kiyoyozi, na betri yake itachakaa haraka. Kuiweka juu ya kitambaa, mto au marobota ya nguo ni kuifunga njia ya kutolea joto. Meza ngumu na pangaboi la kawaida huisaidia sana.

NANI ANAIHITAJI

Kazi za wasomaji wengi wa ukurasa huu ni nyepesi kwa prosesa. Kuandika mauzo, kutoa ankara, kufuatilia bidhaa ghalani, kusoma barua pepe, kutazama bei za hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam na kufungua tovuti ya benki ni kazi za kushtua prosesa kwa sekunde chache na kuiacha ipumzike. Kwa kazi hizo, prosesa ya wati 6 yenye kumbukumbu ya kutosha inatosheleza.

Wapo pia ambao ukimya kwao ni sehemu ya kazi yenyewe. Anayerekodi matangazo ya biashara kwa sauti, anayefanya tafsiri za mikutano kwa mtandao, mhudumu wa mapokezi hotelini na mhasibu anayefunga hesabu usiku katika chumba walicholala watoto, wote hawa wana sababu ya kuulipia.

Kwa upande mwingine, mwenye studio ya picha na video za harusi, mchoraji wa ramani za nyumba na mchapishaji wa mabango makubwa hufanya kazi zinazobana prosesa kwa nusu saa na zaidi. Kwao feni ni kitendea kazi. Wakinunua mashine ya wati 6 watalipa kwa muda wa kusubiri, na mteja aliyesimama dirishani hajali kama kompyuta iko kimya.

VITU VISIVYOBADILISHIKA

Mashine nyingi zisizo na feni ni nyembamba, na wembamba huo una gharama. Kumbukumbu, ile ambayo wauzaji huiita RAM, mara nyingi imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki baadaye. Kiasi atakachonunua mteja siku ya kwanza ndicho atakachokaa nacho.

Microsoft inataja kiwango cha chini cha Windows 11 kuwa ni kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kiwango hicho kinaiwezesha kompyuta kuwaka, lakini kufanya nayo kazi kutwa ni jambo jingine. Kwa duka linalofungua programu ya hesabu pamoja na kurasa kadhaa za mtandao, GB 8 ndiyo ya kuanzia.

Hifadhi nayo ichunguzwe. Mashine za bei ya chini hutumia aina iitwayo eMMC, ambayo ni polepole kuliko SSD na kwa kawaida imechomelewa. Ikifa, mara nyingi bodi nzima imekufa. SSD inayochomoka ni salama zaidi kwa mwenye kumbukumbu za biashara.

Kwa ukimya wenyewe, hifadhi ina neno pia. Kompyuta ya zamani yenye diski inayozunguka itasikika ikinong'ona hata feni ikisimama. Vile vile, baadhi ya kompyuta zisizo na feni hutoa mlio mwembamba wa umeme kutoka kwenye vipuri vya bodi, hasa zikiwa kwenye chaja. Mlio huo hausikiki katikati ya soko, lakini chumbani usiku unaweza kuudhi kuliko feni.

MITEGO YA SOKO LA MTUMBA

Kompyuta nyingi zisizo na feni zinazouzwa zikiwa zimetumika ni za miaka ya 2015 hadi 2017. Bei zake huvutia na maumbo yake ni mazuri. Tatizo ni umri wa programu. Microsoft ilimaliza kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Core M na za herufi Y za kizazi cha saba hazimo kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Zipo njia za kuilazimisha, lakini mwenye kuingia benki kwa kompyuta hiyo anabeba hatari mwenyewe.

Kwa upande wa Apple, MacBook ya inchi 12 ya mwaka 2017 iliishia kwenye mfumo wa Ventura uliotoka mwaka 2022. Mnunuzi wa mtumba wa Apple asiyetaka feni ana usalama zaidi kuanzia MacBook Air ya M1 kwenda mbele.

Chromebook nyingi nazo hazina feni, na hupatikana kwa bei ndogo. Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho kutoka Google. Mwaka 2023 Google ilitangaza kipindi cha miaka 10, lakini za zamani zinaweza kuwa zimeshapita tarehe yake. Tarehe hiyo huonekana kwenye mipangilio ya mashine. Isitoshe, Chromebook haiendeshi programu za hesabu za Windows kwa njia ya kawaida.

Kundi jingine ni la kompyuta za Windows zenye prosesa za jamii ya ARM, kama vile Lenovo ThinkPad X13s ya mwaka 2022 na Surface Pro ya inchi 12 ya mwaka 2025, ambazo hazina feni na hukaa na chaji muda mrefu. Programu nyingi za kawaida hufanya kazi humo. Lakini printa ya risiti, kisomeo cha msimbo au kifaa kingine cha dukani huhitaji kiendeshi kilichoandikwa kwa ajili ya ARM. Kisipokuwapo, kifaa hicho hakitafanya kazi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aende na printa yake dukani kwa muuzaji.

HESABU YA UMEME

Mara nyingi wauzaji husema kompyuta isiyo na feni inapunguza bili ya umeme. Ni kweli, lakini kwa kiasi kidogo. Chukua kompyuta inayotumia wati 8 kwa wastani na nyingine inayotumia wati 30, zote saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ya kwanza itatumia uniti 2.08, ya pili uniti 7.8. Tofauti haifiki uniti 6 kwa mwezi, na fedha hizo hazitoshi kuwa sababu ya kununua.

Faida kubwa huonekana umeme ukikatika. Betri ya wati-saa 50 ikigawanywa kwa wati 8 hutoa zaidi ya saa 6 za kazi. Ikigawanywa kwa wati 30, hutoa saa moja na dakika 40. Mwenye mashine ya kwanza atafunga hesabu za siku bila kuwasha jenereta. Aidha, mashine nyingi za kundi hili huchajiwa kwa waya wa USB-C wenye chaja ndogo, kama ile ya wati 30 iliyokuja na MacBook Air ya M1, na hivyo mfumo mdogo wa umeme wa jua unaweza kuzihudumia.

HESABU YA MTAJI

Mifano mitatu ifuatayo ni ya kukokotolea tu, na kila mnunuzi aweke bei za soko lake.

Mashine ya kwanza ni mpya, ya bei ya chini, isiyo na feni, yenye GB 4 na eMMC. Inanunuliwa kwa shilingi 600,000, inadumu miaka miwili na mwisho haina mnunuzi. Gharama yake ni shilingi 300,000 kwa mwaka.

Mashine ya pili ni nzuri, isiyo na feni, yenye kumbukumbu ya kutosha. Inanunuliwa kwa shilingi 1,800,000, inatumika miaka mitano na kuuzwa kwa shilingi 500,000. Gharama yake ni shilingi 260,000 kwa mwaka.

Mashine ya tatu ni ya ofisi iliyotumika, yenye feni na prosesa ya herufi U. Inanunuliwa kwa shilingi 800,000, inatumika miaka mitatu, fundi analipwa shilingi 20,000 kila mwaka kuisafisha, na mwisho inauzwa kwa shilingi 200,000. Gharama yake ni shilingi 220,000 kwa mwaka.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, bei ndogo ya mwanzo ndiyo iliyozaa gharama kubwa kuliko zote kwa mwaka. Pili, tofauti kati ya mashine nzuri isiyo na feni na ile ya ofisi yenye feni ni shilingi 40,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi 3,300 kwa mwezi. Kwa bei hiyo ukimya, betri ndefu na kinga ya vumbi si ghali.

Lakini hesabu haijakamilika mpaka mtaji uliofungwa uhesabiwe. Mashine ya pili inachukua shilingi milioni moja zaidi siku ya kwanza. Mfanyabiashara ambaye milioni hiyo ingeingia kwenye bidhaa zinazozaa faida ya asilimia 5 kwa mwezi anapoteza shilingi 50,000 kila mwezi. Kwake ukimya umekuwa ghali sana, na mashine ya tatu ndiyo inayomfaa mpaka mtaji ukue.

Mwekezaji mdogo ambaye fedha yake ingekaa kwenye hatifungani ya riba ya asilimia 12 kwa mwaka yuko katika hali tofauti. Anaacha shilingi 120,000 kwa mwaka. Ikijumlishwa na zile 40,000, anagharamia ukimya kwa takriban shilingi 13,300 kwa mwezi. Huyo anaweza kuamua kwa raha yake.

Kwa anayetunza hesabu kamili, Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inaziweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Kompyuta ya shilingi 1,800,000 itapunguzwa shilingi 675,000 mwaka wa kwanza, na kufikia mwisho wa mwaka wa tatu zaidi ya robo tatu ya bei yake itakuwa imekwisha kupunguzwa kwenye hesabu za kodi. Risiti ya EFD ni lazima itunzwe. Wale wanaolipa kodi kwa kukadiriwa kutokana na mauzo hawapati nafuu hiyo.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Hatua zifuatazo hazihitaji fundi, na muuzaji mwaminifu hatazikataa.

Kwanza, mnunuzi aandike jina kamili la prosesa, pamoja na namba na herufi zake zote, kisha aitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji ili aone wati zake. Jina la "i5" au "i7" peke yake lisimtoshe.

Pili, aigeuze mashine chini juu. Matundu mengi ya hewa chini au pembeni ni dalili ya feni, hata kama wakati huo haisikiki. Zipo kompyuta ambazo feni yake hulala kazi ikiwa nyepesi. Hizo ni kimya nusu, na kwa wengi zinatosha.

Tatu, aifanyishe kazi kwa nusu saa ikiwa kwenye chaja. Afungue faili lake halisi la mauzo, kurasa kadhaa za mtandao na video moja. Kwenye Windows, dirisha la kusimamia kazi huonyesha kasi ya prosesa kwa namba. Kasi ikianza juu na kushuka bila kurudi, joto limeishinda. Aguse na upande wa chini kama unashikika.

Nne, apime betri ikiwa mashine imetumika. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa inayolinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Kwenye Apple, mashine huonyesha idadi ya mizunguko ya chaji, na betri za MacBook Air za miaka ya karibuni zimepangiwa mizunguko 1,000.

Tano, asome maandishi madogo ya chaja. Ikiandikwa volti 100 hadi 240, itafanya kazi na umeme wa volti 230 wa hapa hata kama mashine imetoka Marekani.

Sita, aulize dhamana inahudumiwa wapi. Dhamana ya duka la Dubai ina maana ndogo kwa mtu wa Mwanza, hasa kwa mashine ambayo kumbukumbu na hifadhi vimechomelewa bodi moja.

Mnunuzi ambaye hatua hizo zitamwacha na mashine mbili zinazolingana achukue ile yenye kumbukumbu kubwa zaidi. Kwenye mashine za aina hii, wati na kumbukumbu ni mambo ambayo kwa kawaida fundi hawezi kuyabadili baada ya fedha kulipwa.